Blanketi Lililofumuliwa

Siku ya soko, Masisi mtu hupita kwa bega. Wanawake walikuwa wameteremka na madebe ya maziwa, jibini za duara zimepangwa juu ya majani ya mgomba, na pikipiki zikipiga honi katikati ya magunia ya maharagwe kana kwamba kuna mtu aliyekuwa na mahali pa kusogea. Kwenye safu ya washonaji, chini ya mabati, Umurerwa alikuwa ameinamia mashini yake. Alivaa blauzi ya njano, na juu ya sketi kikwembe cha bluu, kitenge cha kujifunga. Kivuli kikamzibia mwanga.

"Dada, unishonee hii mufuko. Mbio, kamyo inaniacha."

Alikuwa kijana mrefu, koti la jinzi, viatu vyekundu kwa matope ya barabara.

"Vua koti basi."

"Apana. Shati imepasuka mugongo. Watu watanicheka."

"Basi inama."

Akainama kando ya mashini, mfuko wa koti ukafika chini ya sindano. Umurerwa akakanyaga. Huko barabarani lori likapiga honi mara ya pili. Kijana akasema asante, akajiinua aende, na Umurerwa akainuka naye. Kiti kikaanguka. Pindo la kikwembe chake lilikuwa limepanda mezani bila yeye kujua, na sindano ilikuwa imeshona koti na kikwembe pamoja, tena kwa mshono mzuri, wa karibu karibu.

Wauza jibini walipiga makofi. Bénédicte, rafiki yake wa mashini ya pili, alikuwa amelalia meza kwa kicheko.

"Muwaache vile vile," alisema. "Padri afanye nini tena?"

Umurerwa alihisi uso unawaka. Akatafuta makasi, makasi yalikuwa chini, na kila alipoinama kijana alilazimika kuinama naye.

"Miye Benoît, wa Mubi," kijana akasema huko chini, nyuso zao zikiwa karibu. "Ukate polepole. Sina haraka tena."

Kweli lori lilikuwa limeondoka. Alilala Masisi kwa rafiki yake, na kesho yake akarudi na shati lake lililopasuka mgongoni, ingawa lilihitaji mishono michache tu ambayo mtu yeyote angeweza kushona.

Ndivyo walivyoanza. Benoît alikuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese. Aliyapandisha kutoka msituni Walikale, akarudi na maharagwe na jibini. Akipita Masisi walikaa pamoja, wakanywa maziwa ya moto kwa mandazi. Akiwa kwao Mubi alipanda kila jioni kilima cha rezo, pale simu iliposhika mtandao, akamwita kwa simu.

"Cheri, leo umeharibu nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Umurerwa akamsimulia yote. Alimshonea kiongozi wa kwaya shati lenye mikono miwili ya kushoto. Siku nyingine alifunga mifuko ya suruali ya mwalimu, mwalimu akasimama mbele ya watoto akitafuta chaki mahali pasipofunguka. Na Bénédicte, kwa kunogewa na umbeya, alishona shuka zima bila uzi wa chini. Alipolinyanyua likaachana vipande viwili, na umbeya ukaishia hapo.

Benoît alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza mambo ya ajabu kidogo.

"Na uzi ikijikunja kwa chini, inafanya mafundo, ni ju ya nini?"

"Umeivuta mubaya kwa juu. Weye unataka kujua ya nini?"

"Napenda tu kusikia sauti yako, mupenzi."

Aliamini. Ni nani asingeamini?

Mvua zilipoanza, dereva mmoja alileta gunia. "Inatoka Mubi, kwa Benoît. Anasema ni ya Umurerwa." Basi. Watu wa njia ya msituni walimtumia nguo za kurekebisha mara kwa mara, kwa hiyo alilifungua kama kazi nyingine yoyote.

Ndani mlikuwa na blanketi la vipande. Washonaji wote wakaacha mashini zao. Vipande vilikwenda upande kama watu waliotoka kwenye pombe. Ua moja lilitazama juu na jirani yake limesimama kwa kichwa. Vingine vilishonwa upande wa ndani ukiwa nje. Pamba yote ilikimbilia pembe moja. Na kwenye ukingo kulikuwa na mkono wa shati, kifungo bado kipo: mshonaji alishona shati alilovaa, akaona njia ya kujiokoa ni kuukata.

"Huyu alishona na miguu," akasema Bénédicte, na Umurerwa akacheka mpaka machozi.

Jioni ile simu ilikuja ikikatika katika.

"Umepata ile kitu?"

"Nimepata."

"Ime… pendeza?"

"Itapendeza, cheri. Uniachie tu, utaona."

Benoît akasema kitu kingine, rezo ikakimeza.

Umurerwa alilifumua blanketi lote. Akaosha vipande, akavipiga pasi, akapanga upya, akagawa pamba sawa sawa. Katikati kulikuwa na kitambaa cha kahawia chenye ndege, kimechakaa mpaka mwanga ulipita. Kiliharibu sura ya kazi. Akakitoa, akaweka chekundu kipya, na kile cha zamani akakifanya cha kupangusia mafuta ya mashini. Hakuwahi kushona kitu kwa upendo hivyo maishani mwake. Aliamini Benoît ndiye aliyemtumia kazi hiyo airekebishe, akataka aione mikono yake.

Benoît akaja siku ya soko. Hakuwa na koti la jinzi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimefutwa, na Umurerwa akahisi moyo unaruka, maana mwanaume hajipambi hivyo kwa ajili ya kuuza mawese. Kabla hajasema neno, akamtandazia blanketi juu ya meza mbele ya watu wote.

"Angalia. Ile ulinitumia, nani alishona? Tulicheka hapa, karibu tufe."

Wenzake wakacheka tena. Benoît hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya blanketi, taratibu, mpaka katikati.

"Na kikwembe ya ndege iko wapi?"

Umurerwa akaonyesha kando ya mashini. Kilikuwa kimekunjwa kama tambara, cheusi kwa mafuta.

Benoît akakishika kwa vidole viwili, akakirudisha pale pale.

"Ni miye nilishona," alisema. "Mashini ya jirani. Nilijifunza ju yako. Na ile kikwembe, mama alikuwaka anavaa akienda kanisani. Hatukubakisha kitu yake ingine tangu afe. Nilitaka kesho nilete wajomba kwenu kukuposa, nikaona ile itangulie."

Soko liliendelea na kelele zake. Bénédicte alitazama chini. Umurerwa akanyakua kile kitambaa. Aliona watu wanamwangalia, aibu ikamfunga miguu, na alipopata kusimama Benoît alikuwa tayari amepakiwa kwenye pikipiki, shati jeupe linashuka barabara ya Nyabiondo.

Angemwita jioni ile. Alikuwa na simu mkononi. Lakini alijiambia: nimwambie nini, na kile kitambaa kiko hivi? Kwanza kitakate. Akakiloweka kwa sabuni, akajaribu majivu, akajaribu mafuta ya taa, akakianika kwenye majani juani. Kila alipokianua, ndege walionekana wazi kidogo zaidi, lakini doa lilikuwa bado lipo. Bado, alisema, bado kidogo.

Aurélie, dada yake Benoît, ndiye aliyeita.

"Wifi, kaka yangu anapanda kilima kila jioni. Anashika simu tu. Umuite hata neno moja."

"Nitamuita, dada. Nakwambia nitamuita."

Kitambaa hakikutakata. Hakuita. Kisha vita vikashuka barabarani, malori yakasimama, mnara wa rezo upande wa msitu ukazimika, na hata angetaka kuita hapakuwa na pa kuitia. Watu walilala na mabunda yamefungwa. Familia yake ilikimbia, ikarudi, ng'ombe wa baba yake wakapungua. Katika kila bunda alilofunga, lile blanketi lilikuwamo, na kitambaa ndani yake.

Barabara ilipofunguliwa, alipanda lori la kwanza alilopata. Milima ya malisho ikabaki nyuma, msitu ukawafunika. Walilala njiani, walisukuma lori kwenye matope, na alipofika Mubi vumbi na matope vilikuwa vimebadilisha rangi ya nguo zake. Alikuwa amekishona kitambaa cha ndege mahali pake, katikati. Doa lilibaki, hafifu, kama kivuli cha wingu.

Benoît alikuwa mbele ya duka lake, akipima mawese kwa mteja. Alimwona, akaweka chupa chini.

"Umurerwa."

"Miye."

Akamletea kiti. Umurerwa hakukaa, basi Benoît akakaa yeye. Alifungua bunda, akamtandazia blanketi magotini, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakawa machache.

"Unisamehe. Nilifua mpaka nikachoka. Haikutoka yote."

Benoît alipitisha kidole juu ya ndege wale.

"Nilikusamehe kabla ya kufika Walikale," alisema. "Kwa pikipiki nilianza kucheka. Mukono ya shati, kifungo yake. Nikasema, akiita nitamwambia tucheke pamoja. Nikapanda kilima, nikangoja. Kikwembe mutu anaweza kosea, haikuwa kikwembe. Ni weye kunyamaza."

"Nilitaka kwanza itakate."

"Nani alikuomba itakate?"

Umurerwa akainama, akanyoosha pembe ya blanketi.

Kutoka ndani ya duka akaja mwanamke wa gauni la kijani, daftari la shule kwapani, uso mpole. Benoît akainuka.

"Huyu ni Anne. Pasaka ikipita, tutaoana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Anne, huyu ni Umurerwa wa Masisi."

Anne alilijua jina, ilionekana. Hata hivyo alinyoosha mkono, akasema, "Karibu, dada. Njia ilikuchokesha. Kuya ule," na akamletea ndizi na samaki kwa mikono yake mwenyewe. Umurerwa alikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine.

Asubuhi Benoît alimsindikiza mpaka kwenye lori. Alimtafutia nafasi karibu na dereva, akaweka mfuko wake vizuri.

"Blanketi utaiweka wapi?" Umurerwa akauliza.

"Kwa Aurélie. Ni ya mama yetu sisi wote."

"Ni vizuri vile."

Alitaka kumshika mkono. Benoît ndiye aliyemshika, akamwachia, akarudi nyuma hatua moja kupisha lori.

"Rezo imerudi sasa. Ukifika, uniite," alisema. "Hata kidogo tu."

Njia ilikuwa ndefu. Alipoingia Masisi hakupita kwanza nyumbani, hakunawa hata uso. Alisimama palepale sokoni, watu wakimpita kwa bega, akaita.

"Nimefika, Benoît."

"Asante kwa kuita," alisema.

Kila mmoja akasubiri mwenzake akate kwanza, na mwishowe ni rezo iliyokata. Hawakuongea tena.