Bluu ya Bibi Tuliipaka Ndani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kinamasi shemeji Lavon aliponituma kwa Bibi kuchukua rangi. Nyeupe imetuishia, sebule bado, na dada Quinetta yuko njiani anatoka kazini. Tulitaka aikute nyumba inameremeta. Nyumba yenyewe trela, tena mtumba. Ilikuja nzima nzima juu ya lori mpaka huku kisiwani kwetu, Carolina, ikashushwa uani kwa Bibi. Kuta zake nyembamba kama boksi la viatu.

Bibi alikuwa anakaanga kamba na bamia. Akanipa ndoo ya bluu, ile ile aliyopaka kwenye fremu za mlango na madirisha yake.

"Upake nje tu, Trell. Mzimu ukiiona unadhani maji. Hauvuki, kuingia wala kutoka."

"Sawa, Bibi."

"Nje, nimesema! Unanisikia au unanusa kamba zangu?"

"Vyote viwili, Bibi."

Nilipomwambia Lavon, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi yako bwana! Kama nje inazuia, ndani si itazuia mara mbili? Paka, dogo."

Nikaona jamaa ana akili. Tukapaka.

Kiyah, mtoto wao, alikuwa amelala chumba cha mwisho. Hajaota hata jino.

Kuta za trela zina vipande vya plastiki vya kufunika maungio. Lavon akabandua kimoja ili tupake vizuri. Harufu ikatoka... kama nyama iliyosahaulika kwenye friji isiyo na umeme. Ndani ya ule ufa kulikuwa na nywele. Ndefu, za mvi. Bado zimeshikana na ngozi.

"Panya," Lavon akasema.

"Panya gani ana mvi?"

"Panya mstaafu. Lete puti."

Akaziba. Mimi nikapaka juu yake. Nikapaka madirisha, nikapaka fremu ya mlango kwa ndani. Brashi ilipogusa kona ya mwisho...

Tu!

Kitu kikagonga ukuta. Humo humo ndani, pamoja na sisi.

Tu! Tu! Tu! Kikazunguka sebule yote, ukuta hadi ukuta, kama ndege aliyeingia chumbani akakosa pa kutokea.

"Shem..." nikanong'ona.

"Nyamaza."

Kikampata.

Kichwa chake kikavutwa nyuma, kikabamizwa ukutani. Paa! Pua ikapasuka. Paa! Meno yakaruka, moja likanigonga shavuni. Mara nyingine tena, na taya likalia kama kijiti kikavu. Damu ikachirizika juu ya bluu mbichi. Hakuna mtu aliyemshika. Lakini nyama ya shingo yake ilikuwa inabonyea. Vidole. Niliviona vikikaza.

Akatema damu, akalazimisha neno moja.

"Mtoto..."

Kikamwachia. Nikasikia nyayo zikienda kwenye korido. Taratibu. Kuelekea chumba cha mwisho.

Huko nisingepita. Nikatoka mbio kwa mlango, nikaokota mtarimbo, nikazunguka nyuma. Nikaupiga ukuta wa chumba cha Kiyah. Bati likachanika, mbao zikakatika. Ndani kitanda kilikuwa kinaruka ruka sakafuni, na mtoto analia kilio cha kukatika pumzi. Nikapenyeza mkono.

Kitu kikauma.

Kikatafuna kidole changu mpaka mfupa ukaitika. Sikuachia. Nikampata Kiyah mguuni, nikamvuta kupitia lile tundu, mimi napiga kelele, yeye anapiga kelele.

Alipotoka nje tu, kimya.

Trela kimya. Mtoto naye kimya. Nikamshukuru Mungu, jamani. Nikambana kifuani, nikacheka kama chizi. Lavon naye akajikokota mlangoni, taya linaning'inia, akamwona mwanawe yuko mzima, akaanza kulia.

Nikakimbia kwa Bibi. Alikuwa amesimama ndani ya mlango wake wa bluu.

"Mpokee, Bibi! Tumemtoa!"

"Ile rangi ulipaka wapi?"

Nikamtanguliza mtoto, miguu mbele, apite mlangoni.

Hakupita.

Visigino vyake vikagota hewani, kama nampitisha kwenye kioo. Nikasukuma. Akakakamaa kama gogo. Vidole vyake vikashika fremu, kucha zikakwangua bluu ya Bibi mpaka mbao ikaonekana, na popote alipogusa, ngozi yake ikafuka moshi.

Hakulia.

Nikarudi hatua nyuma. Akalegea. Akaniangalia usoni, akatabasamu. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na damu, na ile damu ilikuwa ya kidole changu.

Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa aproni.

"Bibi, nifanye nini? Bibi!"

Taa za gari zikaingia uani. Mlango ukafunguka, dada Quinetta akashuka, bado na sare ya kazini, ameshaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Yuko wapi mpenzi wangu? Lete mtoto, Trell. Maziwa yananiuma."

Kiyah akasikia sauti ya mama yake.

Akapanua mdomo.