Kishindo Chini ya Pikapu

Mwenda pole hujikwaa. Najua wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakupanda gari letu. Mume wangu aliliendesha polepole kama aliyebeba mayai, na bado kila alipoingiza gia kitu kiligonga huko nyuma. Ko. Akiachia mafuta, ko. Akikanyaga tena, ko.

Mume wangu ni seremala. Pikapu yetu hubeba vitanda, milango na makabati. Kwa hiyo kwanza aliulaumu mzigo.

"Ni kitanda kinagonga bodi," alisema.

Akakifunga kitanda kwa kamba. Ko. Akakitandikia magunia. Ko. Tukakishusha kwa mteja, tukarudi na gari tupu. Ko.

"Sasa kinachogonga ni nini?" nikamuuliza. "Kivuli cha kitanda?"

"Mke wangu, gari la zamani lina mazoea yake."

Baba mkwe, aliyekaa katikati yetu, ndiye pekee aliyefurahi. Mtoto wa jicho amemfifisha macho, lakini masikio yake hayapitwi na kitu. Kila gari lilipogonga, aliitikia, "Karibu, pita ndani."

Kaka mkubwa wa mume wangu tunamwita Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe. Katika familia yao kaka mkubwa akisema, mdogo huitikia. Akisema maji hupanda mlima, mume wangu huuliza yanapanda saa ngapi.

Injinia aliusikiliza ugonjwa wa gari kwa simu. Mume wangu aliinama nyuma ya pikapu, simu mkononi, nami nikatumwa niendeshe mbele na nyuma.

"Shokapu hizo," Injinia akasema. "Nimesikia."

Tukabadilisha shokapu. Gari likagonga vilevile.

"Basi springi zimelegea."

Springi zikakazwa. Likagonga.

"Sasa nimejua. Ni difu." Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. "Nimeona difu iliyotumika, nzuri kabisa. Tutaifunga wiki hii."

"Shemeji," nikamwambia, "umewahi kuingia chini ya gari hata mara moja?"

"Daktari haingii tumboni mwa mgonjwa."

"Haingii. Lakini humgusa."

Mume wangu alinikata jicho. Nikauma meno.

Ikafika asubuhi ya baba mkwe kupasuliwa jicho. Nafasi hiyo tuliingojea miezi mingi. Hospitali iko chini ya mteremko mrefu, wenye kona na malori. Injinia alikuja kumsindikiza baba yake, amevaa shati jeupe.

"Nendeni taratibu tu," alisema. "Difu tutaifungua kesho."

Mume wangu akawasha gari na kuachia klachi. Safari hii halikusema ko. Lilisema kwaa, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Baba mkwe hakumkaribisha mtu. Alikishika kiti kwa mikono miwili.

Nilinyoosha mkono, nikazima gari, nikachomoa ufunguo na kushuka.

"Shemeji, rudisha ufunguo," Injinia akasema.

"Sirudishi."

"Unabishana nami mbele ya baba?"

"Mbele ya baba, na nyuma ya gari pia, maana ndiko kunakogonga."

"Mama watoto, tafadhali," mume wangu akasema. "Tutachelewa."

"Kuchelewa kuna dawa. Kuna mtu atakayeniambia kinachogonga kabla mzee hajashuka mteremko ule? Si anayekisia. Anayejua."

Ng'ambo ya barabara jirani yetu alikuwa akiosha lori lake. Huendesha tipa la mchanga, nasi humwita Mama Tipa. Aliufunga mpira wa maji.

"Hatimaye," alisema. "Mtaa mzima tumechoka kugongewa. Linagonga lini?"

"Linagonga kila wakati," Injinia akajibu.

"Kinachogonga kila wakati ni moyo tu, kaka. Likipita kwenye shimo, linagonga?"

"Hapana," nikasema. "Kwenye shimo linatulia."

"Lingegonga kwenye mashimo, ningetazama shokapu, springi na bushi, zile raba zake. Linapoondoka je? Au ukitoka gia ya mbele kwenda ya kurudi nyuma?"

"Hapo hapo."

"Basi tatizo liko kwenye njia ya nguvu. Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, hupita kwenye shafti, huingia kwenye difu, ndipo hufika magurudumuni. Kiungo kikilegea, chuma hukimbia kidogo kabla ya kukutana na mwenzake. Wakikutana, ko."

"Nilisema ni difu," Injinia akadakia.

"Inaweza kuwa. Kuna njia ya kujua. Gari liko mahali tambarare, vizuri. Gia iwe huru. Vuta hendibreki. Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Kaa nao. Asiwashe mtu wakati wenzake wako chini. Seremala, leta mbao uzuie magurudumu, mbele na nyuma."

Mume wangu alileta vipande vya mbao, akavikita kwa nyundo.

"Na jeki?" akauliza.

"Gari hili liko juu, tunaingia bila jeki. Siku ukilipandisha, lisimamishe kwenye stendi za chuma. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Na angalia bomba la moshi, lina moto."

Tukamteremsha baba mkwe, tukamkalisha kivulini. Kisha tukajilaza chini ya gari, Mama Tipa, mume wangu na mimi. Injinia alibaki amesimama, analilinda shati lake.

"Bomba hili refu ndilo shafti," Mama Tipa akasema. "Kila mwisho wake una krosi, kiungo chenye umbo la msalaba. Ndicho kinachoiwezesha shafti kujipinda magurudumu yakipanda na kushuka. Shika shafti hapa. Mkono mwingine ushike upande wa pili wa krosi. Sasa zungusha mkono mmoja huku, mwingine kule."

Mume wangu akazungusha krosi ya mbele. Haikucheza. Akahamia ya nyuma. Ikacheza. Tuliuona msalaba ukitikisika kwenye vikombe vyake, na tukaisikia ko yetu, ndogo, ikitoka katikati ya mikono yake. Unga mwekundu kama vumbi la tofali ukamdondokea shavuni.

"Hiyo ni kutu," Mama Tipa akasema. "Grisi ilikwisha, chuma kikaanza kujila. Krosi iliyo nzima haichezi hata kidogo. Sasa zungusha shafti yenyewe inapoingia kwenye difu. Unaona inasogea kidogo? Hiyo ni kawaida. Ingesogea sana, tungemwaga mafuta ya difu tutazame kama yana vipande vya chuma."

"Na krosi hii ingekatika mteremkoni?" nikauliza.

"Shafti ingeanguka barabarani na kupiga chochote kilicho karibu nayo. Injini isingeweza tena kulizuia gari. Mngebaki na breki peke yake, na mnaujua mteremko ule."

Mume wangu alibaki amelala, ameishika ile shafti. Kisha alitamka jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu anioe.

"Kaka, siyo difu."

Tulimpeleka baba mkwe kwa teksi. Daktari alimsubiri, akampasua, na upasuaji ukafanikiwa.

Siku ileile fundi alikuja na krosi mpya. Alichora alama ya rangi kwenye shafti na kwenye difu kabla ya kufungua, ili irudi kama ilivyokuwa. Akaipaka krosi grisi, akatuonyesha mahali pa kuiongezea kila gari linapohudumiwa. Difu hakuigusa. Shokapu za zamani, zilizoondolewa bila kosa, bado zimeegemea ukuta wetu.

Tulipomrudisha baba mkwe hospitali kuangaliwa jicho, tulikwenda na pikapu. Mume wangu aliachia klachi, gari likaondoka kimya. Mzee alisikiliza hadi mwisho wa mtaa.

"Mmenunua jingine?" akauliza.

Jioni ile Injinia alikuja, akaketi, akatazama dari. Mume wangu alinifuata jikoni.

"Kaka ameumia," alininong'oneza. "Ulimwaibisha mbele ya baba na mbele ya jirani. Mwombe radhi tu, yaishe."

"Alikosea mara tatu. Mara ya tatu baba yenu alikuwa ndani ya gari."

"Najua. Lakini ni mkubwa."

Nilibeba trei ya chai yenye krosi ya zamani kando ya vikombe, nikaiweka mezani mbele ya shemeji.

"Karibu chai, shemeji," nikamwambia. "Chakula kinaiva, na utakula nasi. Krosi mbovu hii hapa, ishike mkononi uone ilivyoliwa. Kesho nitakuonyesha inavyopimwa, ukikubali kulala chini. Lakini kama umekuja kusubiri niombe radhi kwa kuuchomoa ule ufunguo, kunywa chai yako. Siombi."