Hodi ya Kabatesi

Haya yalimpata rafiki yangu Valens, hapa Gisenyi, mwaka tisini na nane. Ndiye aliyekosoa visa vya filamu vya kundi letu la video, na hakuwa na simile.

Kabatesi, mgeni aliyedai katoka Goma, alimsimulia chake: "Mutu iko peke yake mu nyumba. Anasikia hodi inje. Anafungua, hakuna mutu."

"Hakitishi hata kuku, dada. Hodi itoke ndani."

"Ndani ya nyumba ya nani?"

Valens akashuku anadhihakiwa. "Yangu, basi!" akafoka.

"Bon, sawa," akajibu Kabatesi, akaondoka akitabasamu.

Jioni umeme ulikatika. Valens, aishiye peke yake, alipapasa kufuli la mlango wake, akalifungua. Kabla hajausukuma, sauti ya upole ikatoka gizani mle ndani: "Hodi."