Gunia la Kenge

Jua lilikuwa linazama Kidawa aliposhuka kwenye mchanga wa mto Matandu, bakuli la unga mkononi. Kila Alhamisi alimwaga unga pale alipofia mumewe, Shamte, kisha akamuaga: "Tulia, Baba Ismaili." Leo alifuatana na Nikodemu, mwenye gunia tupu begani.

Tangu biashara ya wanyama ifunguliwe, hata kenge walikuwa na mnunuzi Dar. Shamte ndiye aliyeingiza mkono shimoni. Nikodemu alishika gunia kwenye tundu la pili. Shamte akishamkamata kenge, aligonga ardhi mara tatu: fungua gunia. Siku Shamte alipoumwa na nyoka, swila, Nikodemu alichukua kenge, akawahi lori. Mwenzake alimwacha mchangani, bado anapumua.

Hakurudi hata kuzika. Sasa hakuna aliyekubali kumshikia gunia, ndipo akamjia mjane. Kidawa alikubali upesi mno.

"Shemeji, yumo," alinong'ona Nikodemu. Mburuzo wa mkia mchangani ulikuwa mbichi.

"Basi ingiza mkono. Mimi nashika gunia."

Akalala kifudifudi, akazamisha mkono hadi begani. Ndege wakanyamaza. Ikaja harufu ya tumbaku, ile ile ya Shamte...

"Nimemshika." Akavuta mkono, haukutoka. "Shemeji... kanishika yeye."

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka chini ya ardhi. Kidawa akaijua, na furaha ikamjaa kifuani mpaka ikamuuma.

"Mwambie aniachie! Kidawa, nakuomba, mwambie!"

Angesema tu "tulia," yangeisha. Alilijua hilo vizuri. Akaumwaga unga wote.

"Usimwachie," akasema.

Akaondoka bila kuaga, huku Nikodemu akilia nyuma yake kama mtoto.

Asubuhi walimkuta amekufa, mkono ungali shimoni. Wazee walisema ni swila, ingawa hawakuona alama ya jino. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama nyeusi za vidole vitano. Kidawa alilia kilio cha adabu, akarudi kwake.

Alhamisi iliyofuata hakwenda mtoni. Aliona yamekwisha. Magharibi alikuwa jikoni anasonga ugali, harufu ya tumbaku ilipoingia. Kisha akahisi ardhi ikigongwa chini ya nyayo.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Tulia, Baba Ismaili," akanong'ona. "Tulia..."

Ikagongwa tena, karibu zaidi.

Kidawa akainua mguu mmoja, asijue auweke wapi.