Kipimo Chekundu cha Bibi Muhiba

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kupeleka mkojo wa bibi kliniki. Usicheke. Bibi Muhiba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mkojo ule ndio uliomwonyesha daktari bibi adungwe dawa kiasi gani.

Jumapili moja niliiangusha chupa ya kliniki nikiiosha, ikavunjika. Mama yangu, Mwanasiti, si mtu wa kuchezea. Nikatupa vipande, nikachukua chupa ya asali iliyokwisha, nikaisuuza mara moja kwa maji baridi. Nilijiona mjanja kweli.

Kesho yake mpimaji wa maabara, Bwana Maingi, aliuchemsha mkojo pamoja na dawa yake ya buluu. Pasipo sukari, dawa hubaki buluu. Siku hiyo iligeuka nyekundu kama tofali. Akanirudishia chupa na kadi: mgonjwa aje mwenyewe kesho.

Basi nyumbani hapakukalika. Mama alidai bibi amekula halua. Bibi akaapa hajaigusa tangu Idi. Mama hakusadiki hata kidogo. Alinusa vikombe vya bibi, akapekua chini ya godoro, kisha akaenda kumhoji Ardo, jirani yetu muuza halua. Hata mimi nilimtazama bibi kwa jicho la pembeni, maana wazee nao wana tamaa zao.

Jioni nilipotaka kuiosha ile chupa nikaona sisimizi wamejaa kwenye kifuniko. Asali ilikuwa bado imeganda kwenye mikunjo yake. Kumbe sukari ya kipimo ilitoka humo. Hapo hapo nikamsikia bibi akilia chumbani, akisema amelea watoto saba na leo anaitwa mwongo nyumbani mwake. Aliniona nikipita mlangoni, nami, kwa woga, nikanyamaza.

Kesho yake tulikwenda kliniki wote watatu. Kwa kipimo kile cha jana, daktari aliagiza dawa ya bibi iongezwe kuanzia siku hiyo. Muuguzi akaanza kuivuta kwenye sindano.

"Msiongeze," nilisema. "Chupa ilikuwa ya asali. Ile nyingine niliivunja mimi."

Mama alinikazia macho. Bwana Maingi akampa bibi chupa safi, akapima upya. Dawa ikabaki buluu.

"Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi," aliniambia. "Ungeniambia, ningekupa chupa nyingine. Lakini sindano ile ingeishusha sukari ya bibi mno, angezimia, pengine asiamke. Kipimo kikiharibika, sema mapema."

Mama alimwomba bibi radhi. Nami nikapiga magoti.

"Sindano nimeizoea, Mishi," bibi alisema. "Lakini jana ulinisikia nikilia, nawe unajua ukweli. Hilo ndilo lililoniuma."