Kinundu Kwenye Jicho la Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alichana nywele mbele ya kioo huku akipiga soga na yeyote aliyekuwa karibu. Jina hilo alibandikwa na shangazi zake kwa sababu ya domo lake. Lakini muhula huu alikuwa akijitazama kimya. Kwenye weupe wa jicho la kushoto palikuwa na kinundu chekundu, kidogo kama punje ya mtama, na kilikuwa kikikua.

Alichoka kutaniwa darasani, akaanza kudokoa dawa ya macho ya bibi yake na kujidondoshea kwa siri. Wekundu ukafifia, kinundu kikabaki. Mama yake alipokiona, alimpeleka hospitali bila kungoja.

Daktari wa macho alimwambia aweke kidevu kwenye mashine, akawasha taa, akachungulia kwa muda.

"Hiki kinanichanganya," alisema. "Umbo lake lasema hivi, rangi yasema vingine. Mwanangu, umetia dawa yoyote?"

"Hapana, daktari."

"Basi siwezi kuwaficha. Huenda si kitu, huenda ni kibaya. Kwa usalama itanibidi nikate pakubwa."

Chiriku alimgeukia mama yake. Hofu ikamjaa, machozi yakamtoka.

"Nilitia dawa ya bibi! Kila siku!"

"Ile aliyopewa baada ya kupasuliwa jicho?" mama akamaka. "Wewe mtoto, unataka kuniua?"

"Mwache, mama," daktari akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, na huyu ameamua kugeuka mapema."

Dawa ikasimamishwa kwa siku kadhaa, kisha wakarudi hospitali. Wekundu ukarudi, na sasa daktari akakiona kinundu kama kilivyo. Alitia jicho ganzi, akakitoa chote kwa mkato mdogo, akakipeleka maabara. Kungoja majibu kulikuwa kugumu. Mama hakulala vizuri, na Chiriku alijilaumu.

"Si saratani," daktari aliwaambia waliporudi. "Ni uvimbe adimu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeusoma vitabuni tu. Hausambai."

Mama alilia kwa furaha. Chiriku akamkumbatia.

"Sikiliza, mwanangu," daktari akasema. "Dawa ya mwenzako yaweza kuuficha ugonjwa bila kuuponya, hata kukuharibia jicho. Tena, mashine yangu huona kilichomo jichoni tu. Ulichokifanya nyumbani, nitakijua ukiniambia kweli."