Tangazo Lisilomfikia Shangazi

Sogeeni karibu, wana mtaa, maana hili linatuhusu sote.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Shangazi, macho yake yenye ukungu, alipapasa kiberiti jikoni. Mtoto wa jirani, anayemlea kutwa, aligonga sufuria kwa kijiko.

"Injinia, unatoka na njaa?"

"Nitakula kazini, Shangazi."

Injinia ni binti wa kaka yake. Jina hilo alipewa na mtaa alipobuni programu ya matangazo ya simu. Alipoimaliza, aliwashawishi wajumbe wa mtaa washushe kipaza sauti kilichotumika kutangazia habari. "Kelele za kizamani," alisema. Programu aliijaribu kwa rafiki zake wa chuo, wote wenye simu mpya, wakaisifu kupita kiasi. Shangazi mwenye simu ya vitufe hakumuuliza hata neno. Mnaona kosa lilipoanzia?

Hajakaa vizuri kazini, simu yake ikalia: MAJI YA TANGI LA MTAA YAMETIWA DAWA KALI YA KUSAFISHIA. MSINYWE. Papo hapo rafiki zake wakajibu kwa vidole gumba. Injinia akatabasamu. Kisha akamkumbuka Shangazi na simu yake ya vitufe, tabasamu likamkauka.

Akampigia Shangazi. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akatoka mbio hadi nyumbani, kiatu kimoja kikabaki ngazini pa kazini.

"Shangazi, msinywe maji!"

"Mimi bado. Huyu kanywa kikombe kizima, sasa anatapika, hata simu nimeshindwa kuipokea. Kuna nini?"

"Yana dawa! Tumetangaza!"

"Mmetangaza wapi, mwanangu? Nimekaa hapa na masikio yangu yote mawili."

Injinia alimbeba mtoto mpaka zahanati, mguu mmoja peku. Muuguzi alimpokea bila salamu. "Mngekawia kidogo tu..." alisema, asimalize.

Mtoto alipona. Lakini mama yake, mfagiaji wa soko, alimkazia macho Injinia. "Hata mimi sina simu ya kupokea matangazo hayo. Wewe ulimtengenezea nani?"

Kesho yake Injinia hakugusa kompyuta. Alibisha mlango mmoja baada ya mwingine, akiuliza, "Habari ya hatari ikufikie vipi?" Safari hii alinyamaza akasikiliza.

FUNZO

Ukibuni chombo cha mtaa, keti kwanza na asiyeona, asiyejua kusoma, na mwenye simu ya vitufe. Hakikisha kitafanya kazi hata umeme na mtandao vikikatika, na kwamba mtaa wenyewe unaweza kukitunza. Usiondoe njia ya zamani kabla mpya haijamfikia kila mtu. Sifa za rafiki zako hazitamwokoa mtoto wa mtu.